Tundu la kulengea (bunduki)
Kipande cha chuma chenye tundu, hufungwa nyuma ya bunduki karibu na jicho. Jicho hujitafutia katikati ya tundu lenyewe. Mlengaji hubaki na ncha ya mbele na shabaha tu. William Lyman wa Marekani alipata hataza yake mwaka 1879, na bunduki za Winchester za wenzo zilifungwa sana vifaa hivyo. Askari wa Wajerumani waliopigana Umatumbi, Kilwa, mwaka 1905 walitumia bunduki za Mauser za 1871, zenye mwanya wa wazi wa kulengea badala ya tundu. Katika vichaka vya Kilwa na Liwale tundu pana ndilo bora, maana jembamba hunyima mwanga alfajiri. Bunduki kuukuu isitobolewe upya: kitafutwe kifaa kinachokubali matundu ya skrubu yaliyopo, kipakwe mafuta dhidi ya chumvi ya pwani.