Dawa ya Usingizi na Mkono wa Daktari

Leo tunasoma historia.

Mwaka 1879, huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda, Mwingereza Robert Felkin alimwona mganga akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi, lakini ilimlegeza tu. Basi wasaidizi walimshika, na mganga alikata upesi. Mama na mtoto waliishi.

Mjini Boston, Marekani, dawa ya etha ilikwisha kumlaza mgonjwa mwaka 1846. Tangu hapo madaktari waliweza kupasua bila haraka.

Hata leo dawa huongoza mkono. Katika kipimo cha utumbo mpana, mpira mwembamba wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa. Mgonjwa aliye macho husema, "Hapo panauma," na hujigeuza mwenyewe; daktari hupunguza mwendo. Aliyelala hasemi, wauguzi humgeuza na kuangalia pumzi zake.

Basi ukiitwa kupimwa, uliza: "Nitalala au nitakuwa macho?" Ukipewa dawa ya usingizi, usiendeshe pikipiki siku hiyo. Nenda na ndugu akurudishe nyumbani.