Kwa Nini Jiko Lako Lina Kiuno?

Nenda soko lolote la Nairobi, Arusha au Mwanza ukaulize jiko la mkaa, na mara nyingi utaonyeshwa aina mbili. Moja ni la bati tupu: jepesi, bei chee. La pili ni zito kidogo, lina udongo ndani, na limebanwa katikati kama kiuno cha mtu. Muuzaji atakwambia hili la pili "halili mkaa". Kwa kawaida anasema kweli. Lakini ukijua kiuno hicho kilitoka wapi, utajua pia namna ya kuchagua bila kupigwa.

Tuanze na la bati. Inasimuliwa sana kwamba lilikuja na vibarua na mafundi wa Kihindi waliojenga reli ya Uganda, ile iliyoanza Mombasa mwaka 1896. Ni rahisi kulitengeneza: pipa kuukuu, nyundo, misumari michache. Kasoro yake iko kwenye ukuta. Chuma hupitisha joto mara makumi kadhaa kuliko udongo uliochomwa. Sogeza kiganja ubavuni mwa jiko la bati lililokolea; joto unalolisikia pale umelilipia, na halipiki chochote. Wanasayansi waliopima majiko haya walikuta kwamba ni asilimia 10 hadi 20 tu ya nishati ya mkaa inayofika kwenye sufuria. Zaidi ya nusu inatokea ubavuni.

Miaka ya 1970 bei ya mafuta ilipanda vibaya, na watu wakaanza kuulizana kuni na mkaa vitatosha mpaka lini. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa Nairobi kuhusu vyanzo vipya vya nishati na vile vinavyojirudisha, na suala la majiko likapata msukumo. Wazo lililochukuliwa lilitoka Thailand, ambako watu walikuwa wakipikia jiko lenye umbo la ndoo: chuma nje, udongo ndani. Mbunifu Max Kinyanjui alikuwa mmoja wa waliolifanyia kazi nchini Kenya, na kufikia 1982 jiko jipya lilikuwa limeanza kuingia sokoni.

Hapa ndipo hadithi inaponoga, maana ndoo ile haikufaa ilivyo. Ndoo ni nyembamba chini. Kwa wali au mchuzi hakuna shida, lakini ugali hausongwi kwa upole! Unabana sufuria, unasukuma mwiko kwa nguvu zote, na jiko lisilo na kitako kipana linayumba na maji yake ya moto. Halafu udongo na chuma havitanuki sawasawa vikipata moto, kwa hiyo udongo wa ndani ulikuwa unapasuka. Na kuujaza udongo kuanzia juu mpaka chini kulifanya jiko liwe zito na ghali bure, kwa sababu sehemu ya chini inapokea majivu na hewa tu.

Jibu halikutoka maabara peke yake. Lilitokana na kwenda na kurudi kati ya wahandisi, mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, na akina mama waliopikia majiko ya majaribio kisha wakasema wazi lipi halifai. Bati likabanwa katikati. Nusu ya juu, iliyo kama faneli, inaushika udongo usiporomoke. Nusu ya chini inapanuka tena ili jiko lisimame imara. Udongo ukabaki juu tu, panapokaa moto, ukishikizwa kwa mchanganyiko wa saruji. Kwa jiko la namna hii, joto linalofika kwenye sufuria lilipimwa likawa asilimia 25 hadi 40. Kwa nyumba inayonunua mkaa kila siku kwa kopo, hiyo ni nauli ya mtoto wa shule.

Mafundi hawakupewa ruzuku ya kulishusha bei. Walishindana wao kwa wao, bei ikashuka, na umbo likaigwa kila mahali. Uzuri wake ni huo, na ubaya wake pia ni huo: leo yeyote anaweza kubana bati kiunoni, akapachika udongo mbichi-mbichi, akauza.

Kwa hiyo usinunue kiuno, nunua udongo. Ugonge kwa kidole: uliochomwa vizuri unalia, wenye ufa unatoa mlio uliokufa. Ukwangue kwa ukucha. Ukitoa unga, haukuiva. Tazama kama umekaa bila kucheza ndani ya bati. Fungua na ufunge mlango wa hewa, kwa sababu ndio gia yako: ukiwa wazi moto unapanda, ukifungwa maharage yanachemka polepole. Mlango usiofunga sawasawa unakula akiba yote. Na ukubwa ufuate sufuria unayoitumia kila siku. Jiko kubwa chini ya kisufuria cha chai linapasha hewa tu.

Kama shida yako ni nyama choma, mambo yanabadilika kidogo. Nyama inaiva kwa mnururisho wa makaa yaliyo chini yake, na hasara kubwa inapanda juu. Mwaka 1952 George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma cha Weber eneo la Chicago, Marekani, alichukua maumbo ya duara ya kutengenezea maboya, akafanya nusu moja bakuli na nyingine kifuniko chenye matundu ya hewa. Fundi wako wa mtaani anaweza kukufanyia hivyo kwa pipa lililopasuliwa. Mwambie tu asisahau kifuniko.

Kuna jambo moja ambalo udongo hautatui. Katikati ya makaa mekundu, kabonidayoksaidi inakutana na kaboni ya moto na kugeuka kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu kuliko oksijeni. Jiko zuri la udongo linakaa na moto kwa muda mrefu, hata baada ya chakula kuiva, na ndiyo maana msimu wa baridi wa Julai watu hushawishika kuliingiza chumbani walalie joto lake. Makaa yakishafunikwa na majivu hayatoi moshi wowote wa kukuamsha, lakini gesi bado inatoka. Jiko lilale nje.