Joka la Shaba la Japani na Maana Yake

Neno "joka" katika Kiswahili ni ukubwa wa neno "nyoka", na ukubwa huo umebeba kitisho. Aliyesoma Ufunuo wa Yohana, sura ya 12, amelikuta neno hilo likiwa jina la adui mkuu. Basi mtu akionyeshwa sanamu ya kale ya Japani, akaambiwa kuwa hili ni joka, ni rahisi auone uovu pale ambapo fundi alikusudia heri. Yafaa basi tuisome sanamu hiyo kwa maana za kwao.

Wajapani humwita mnyama huyu "ryu" au "tatsu". Sura yake kwa sehemu kubwa ilitoka China. Yeye ni bwana wa maji: huleta mvua, hutawala bahari, na huchorwa katika dari za mahekalu ili kuyakinga na moto. Kitabu cha Kojiki, kilichokamilishwa mwaka 712, chasimulia habari za Hoori, aliyepoteza ndoana ya nduguye akaifuata hadi jumba la mungu wa bahari. Huko alipewa vito viwili, kimoja cha kujaza maji na kimoja cha kuyafanya yapwe. Mungu huyo baadaye alihesabiwa kuwa joka. Ndiyo maana majoka mengi ya shaba hushika tufe katika kucha, na chini yake hufinyangwa mawimbi. Kucha nazo husomwa: joka la Japani kwa kawaida lina tatu kila mguu, ilhali lile la wafalme wa China lilikuwa na tano.

Sanamu nyingi za namna hii zilizomo katika majumba ya makumbusho ni za enzi ya Meiji, mwaka 1868 hadi 1912. Enzi hiyo iliwapiga mafundi pigo mara mbili. Serikali mpya iliitenga dini ya Shinto na ile ya Buddha, na kazi za mahekalu zikapungua. Kisha amri ya mwaka 1876 ikawakataza watu kuvaa panga hadharani, isipokuwa askari na maofisa wachache. Waliopamba vipini na ala wakakosa wateja. Lakini katika maonyesho ya Vienna ya mwaka 1873 wageni walikwisha kuustaajabia ufundi huo. Mikono iliyopamba silaha ikageukia sanamu na vyetezo vya kuuzwa ng'ambo.

Kazi yenyewe ilitaka subira. Fundi alifinyanga joka kwa nta, akalifunika kwa udongo, akalichoma hata nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba iliyochanganywa na bati katika uwazi ule. Kalibu ilipovunjwa, magamba yalikamilishwa kwa patasi.

Kwetu walimu, funzo li wazi. Tafsiri hutupa neno, lakini haitupi daima maana. Tuendelee kusema "joka", kwa kuwa hatuna neno lililo karibu zaidi. Ila tumweleze mwanafunzi kwamba joka hili halimezi watu. Hulinda maji, na maji ni uhai.