STIMA INAJUA TUNAFANYA NINI

Ndugu msomaji, unapowasha taa wakati wa daku, umewahi kujiuliza ile stima ilikuwa wapi sekunde moja kabla hujabonyeza swichi? Haikuwa mahali popote. Stima si kama maji ya tangi, kwamba yamekaa pale yanakungoja. Karibu yote hutengenezwa wakati ule ule inapotumika. Watu wengi wakiwasha vitu kwa ghafla, mashine zinazozalisha umeme hulemewa na kupunguza mwendo. Kama hakuna mtu wa kuongeza nguvu haraka, taa zinazimika.

Ndiyo sababu kila nchi ina wafanyikazi wanaokesha wakitazama mchoro mmoja. Mchoro huo unapanda watu wakitumia stima nyingi na kushuka wakitumia kidogo. Ukijua kuusoma, ni kitabu cha historia. Unaonyesha taifa limeamka saa ngapi, limelala saa ngapi, na ni jambo gani liliwafanya watu wote wasimame pamoja.

Chai ya Waingereza

Wewe unajua jinsi adhana ya magharibi inavyotufanya maelfu ya watu kuinua tende kwa dakika moja. Uingereza nao walikuwa na adhana yao ya aina nyingine: televisheni. Wakati stesheni zilikuwa chache, mamilioni walitazama kipindi kimoja. Kikiisha, wote wanainuka kwenda jikoni kuchemsha chai. Birika moja la stima huko linakula karibu kilowati 3. Sasa zidisha na mamilioni.

Tarehe 4 Julai 1990, Uingereza ilicheza na Ujerumani Magharibi nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Turin. Mambo yakaishia kwa mikwaju ya penalti, na Uingereza ikatolewa. Watu wakainuka na huzuni yao, wakawasha mabirika. Mahitaji ya umeme yakaruka kwa megawati 2,800. Hebu pima: hadi mwisho wa mwaka 2024, matumizi ya juu kabisa ya Kenya nzima, viwanda, hospitali na majumba pamoja, yalikuwa hayajafika megawati 2,400!

Na mbona taa hazikuzimika? Kwa sababu kuna watu waliojitayarisha. Katika chumba cha kuongozea umeme waliweka televisheni na ratiba ya vipindi, wakijua mechi itaisha lini. Huko Wales kuna mlima uliochimbwa ndani, kituo cha Dinorwig, kilichofunguliwa mwaka 1984. Usiku, stima ikiwa haina wateja wengi, maji husukumwa kupanda ziwa la juu. Chai ikihitajika, maji yanaachiliwa, na mashine zikiwa tayari zinazunguka, nguvu inapatikana kwa chini ya nusu dakika.

Siku hizi kila mtu ana simu yake na kipindi chake, kwa hivyo miruko ile imepungua. Mchoro umeandika hilo pia: taifa halitazami tena kitu kimoja.

Na sisi je?

Hadithi yetu ina mizizi Zanzibar. Mwaka 1875 Sultani Sayyid Barghash alinunua jenereta ya kuangaza jumba lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 jenereta hiyo ilichukuliwa na Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyibiashara wa Mombasa, na kisiwa kikapata kampuni yake ya umeme. Mwaka huo huo Nairobi nayo ikaanza mipango yake, na mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaungana.

Mchoro wetu hauna mlima wa chai. Kilele chake ni jioni, watu wakirudi nyumbani: taa, runinga, pasi, vyote kwa pamoja. Basi mwaka 2000 ukame ulipokausha mabwawa ya Mto Tana, nchi ikaingia kwenye mgao. Fundi wa kuchomelea vyuma alikaa bila kazi, kinyozi akafunga, na mwanafunzi akarudi kwa koroboi. Mchoro ulishuka, lakini si kwa sababu watu walikuwa wamelala.

Ramadhani nayo inaacha alama yake. Katika nchi ambazo wengi wanafunga, asubuhi huchelewa kuchangamka na usiku hurefuka. Ukiamka daku Mombasa, tazama madirisha ya mtaa wako: moja linawaka, la pili, la kumi. Hakuna aliyempigia mwenzake simu, lakini kila taa imeitisha nguvu kutoka kwa mashine zile zile zinazozunguka Olkaria ama Mto Tana, na kuna mtu wa zamu aliye macho kama wewe.

Kwa hivyo usiseme, "Mimi na kataa kangu kamoja nitadhuru nini?" Waliozua ule mruko wa 1990 walikuwa watu wa birika moja moja. Mkesha wa Idd sote tutataka kupiga pasi kanzu na mabuibui saa ile ile ya jioni, wakati ambao mzigo tayari ni mkubwa. Kanzu yako inaweza kupigwa pasi mchana.

Daku njema, ndugu msomaji.