Akiolojia ya Mkataba

Mtu akisikia "akiolojia ya kibiashara", mawazo humpeleka mnadani: vyungu vya kale, sarafu, wanunuzi. Ndiyo maana nashikilia tuseme "akiolojia ya mkataba". Kinachouzwa hapa ni kazi. Wanaakiolojia hulipwa na mwenye mradi wachimbue kiwanja, waandike ripoti na kukabidhi mabaki kabla zege halijamwagwa. Uingereza ilikita utaratibu huu mwaka 1990, kwa mwongozo wa mipango miji uliomtaka anayejenga agharimie uchunguzi wa kile atakachokiharibu.

Kwa utaratibu huo, kati ya 2010 na 2014, taasisi ya akiolojia ya MOLA ilichimbua kiwanja cha makao mapya ya kampuni ya Bloomberg jijini London, palipopita kijito cha Walbrook. Kwenye tope lisilopitisha hewa vilitoka vibao vya kuandikia zaidi ya 400, vya enzi ya Warumi. Nta waliyoandika juu yake imetoweka, lakini pale kalamu ya chuma ilipokandamizwa sana, mikwaruzo ilipenya hadi kwenye mbao. Roger Tomlin wa Chuo Kikuu cha Oxford ndiye aliyeisoma. Kibao kimoja, cha tarehe 8 Januari mwaka 57, ni hati ya deni: Tibullus anakiri kudaiwa na Gratus dinari 105, bei ya bidhaa alizokwisha kupokea. Wote wawili walikuwa watumwa walioachwa huru. Mji wenyewe ulikuwa na miaka kumi hivi tu, na tayari watu wanakopeshana kwa maandishi!

Mabaki mengi hayapati msomaji upesi hivyo. Fedha za mkataba huishia kwenye ripoti, maboksi yakaenda ghalani. Mifupa ya waliokufa kwa tauni ya 1348 hadi 1350, iliyofukuliwa East Smithfield, London, katika miaka ya 1980, ilikaa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2011 watafiti, wakiwemo wa vyuo vikuu vya McMaster na Tübingen, walitangaza jenomu ya bakteria wa tauni waliyoipata kwenye meno ya wafu hao. Utafiti wa namna hii hutegemea kitu kidogo sana: namba ya tabaka la udongo iliyoandikwa kwenye mfuko siku ya kuchimbua. Ikipotea, jino halina tena kaburi wala mwaka.

Sasa baadhi ya makumbusho ya Uingereza yamekataa kupokea maboksi mapya kwa kukosa nafasi. Gharama ya ghala, na haki ya mtafiti kuyafungua maboksi hayo, ziandikwe kwenye mkataba wenyewe kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi.