Mwizi wa jouli: jinsi jiwe lililochoka linavyowasha taa

Betri ndogo ya tochi, ambayo wengi katika Afrika Mashariki huiita jiwe, hutoka dukani ikiwa na volti 1.5. Tochi huanza kufifia kila jiwe linapokaribia volti 1, na hapo ndipo mengi hutupwa. Ndani yake bado mna nishati. Kinachokosekana ni msukumo: taa nyeupe ya LED huhitaji takribani volti 3 ili iwake, kiwango ambacho jiwe moja haliwezi kukifikia hata likiwa jipya.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, na katika mji mdogo jirani wa Rugaaga, masalio hayo ya nishati yana thamani. Familia isiyofikiwa na umeme wa gridi huipima jioni yake kwa mawe, kwa chaji ya paneli ndogo ya jua, au kwa mafuta ya taa ya tadooba, kibatari kinachojaza chumba moshi na kinachoweza kuteketeza nyumba ya turubai kwa dakika chache.

Wapenda ufundi wa kielektroniki wana jibu lao. Mnamo Novemba 1999 jarida la Uingereza, Everyday Practical Electronics, lilichapisha mchoro wa msomaji wake, Z. Kaparnik, wa sakiti inayowasha LED kwa jiwe moja tu. Baadaye sakiti hiyo ilipewa jina la utani, mwizi wa jouli, jouli ikiwa ni kipimo cha nishati. Jina linachekesha, lakini kanuni yake ni ya kale: sakiti za namna hiyo zilijulikana tangu enzi za redio za vali, nazo zilitegemea jambo ambalo Michael Faraday alilithibitisha mwaka 1831, kwamba usumaku unaobadilika huzalisha umeme ndani ya waya.

Vifaa ni vichache: transista moja ya aina ya NPN, rezista ya omu 1,000, LED, jiwe, na pete ndogo ya feraiti, ile ya kijivu au nyeusi ipatikanayo ndani ya vyombo vingi vya umeme vilivyoharibika. Nyaya mbili nyembamba huzungushwa pamoja kwenye pete hiyo kwa mkono, mizunguko 10 hadi 20. Mwanzo wa waya wa kwanza huunganishwa na mwisho wa waya wa pili, na kiungo hicho hupelekwa kwenye ncha chanya ya jiwe. Katika ncha mbili zilizosalia, moja hupitia rezista hadi bezi ya transista, na nyingine huenda moja kwa moja kwenye kolekta. Emita hurudi kwenye ncha hasi. LED hukaa kati ya kolekta na emita, mguu wake mrefu ukiwa upande wa kolekta.

Wanaojaribu mara ya kwanza hukwama mahali pawili. Waya wa shaba uliochomolewa kwenye mota au transfoma umepakwa vanishi isiyopitisha umeme, na usipokwanguliwa kwa wembe kwenye ncha zake, hakuna kitakachowaka. Pia ni rahisi kuunganisha mwanzo na mwanzo badala ya mwanzo na mwisho. Dawa yake ni kubadilishana ncha za waya mmoja tu.

Umeme kidogo unapoingia kwenye bezi, transista hufunguka na koili hujaa usumaku. Usumaku huo unaokua huisukuma bezi izidi kufunguka, hadi unapofika kikomo na kuacha kukua. Msukumo hukatika, transista hufunga ghafla, na usumaku unapoporomoka huzalisha volti kubwa kuliko ya jiwe. Volti hiyo ndiyo inayowasha LED. Mzunguko huu hurudiwa maelfu ya mara kwa sekunde, hivyo jicho huona mwanga usiokatika. Sakiti huweza kuendelea hadi jiwe linapokaribia volti 0.6. Taa nyingi za bustani zinazotumia jua hufuata wazo hilohilo, zikiwasha LED nyeupe kwa betri moja ya volti 1.2.

Mwanga wake hutosha kutafuta dawa gizani au kumtazama mtoto aliyelala. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, hautoshi. Wala sakiti haizalishi nishati. Sehemu ya kile inachokinyonya hupotea kama joto, na video zinazoonyesha koili na sumaku zikiwasha taa milele bila betri ni ulaghai, hata zikipambwa kwa maneno ya kisayansi.

Hatari iko zaidi katika kutafuta vifaa kuliko katika sakiti yenyewe. Balbu za zamani za kuokoa umeme huwa na pete nzuri za feraiti, lakini mirija yake ya kioo ina zebaki, na kapasita iliyomo huweza kubaki na chaji baada ya balbu kuchomolewa. Mtoto asiachiwe kuzivunja. Betri za lithiamu za simu nazo zisitumiwe kwa jaribio hili: zikinyonywa kupita kiasi huharibika, na zikichajiwa tena zinaweza kushika moto.

Jiwe lililonyonywa hadi mwisho huvuja upesi zaidi, na maji yake huunguza ngozi na kula vyuma vya tochi. Hufaa litolewe mara taa inapozimika, lisitupwe motoni, na liwekwe mbali na visima na Ziwa Nakivale, ambalo maji yake husafishwa na kunywewa katika makazi hayo.