Safu ya Lugha: Shikana

Atomi ndani ya molekuli zimeungana. Molekuli na molekuli jirani, je? Napendekeza *kushikana*: kiambishi -an- kinasema kila moja inashika na inashikwa, na kuachana kunawezekana. Juu ya mshiko huo dhaifu Jean-Marie Lehn wa Ufaransa, mshindi mwenza wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1987, alijenga taaluma nzima. Mwaka 2008 mwanasayansi Ludwik Leibler na wenzake walitangaza mpira ambao molekuli zake zimeshikana tu, uliotengenezwa kwa asidi za mafuta ya mimea na urea, ileile ya mbolea. Ukatwe kwa kisu, vipande vibanwe pamoja bila moto wala gundi: unashikana, unavutika tena. Ila usichelewe. Molekuli zilizoachwa wazi hutafutana upande uleule, na vipande hukataana.